Moto Guzzi: Si Kila Kizee Kimezeeka

Ukiikuta Moto Guzzi V85 TT, pikipiki ya Kiitalia, imeegeshwa, ni rahisi kudhani ni pikipiki ya babu iliyopigwa rangi upya. Taa mbili za mviringo, silinda zimechomoza mbavuni, rejeta hakuna. Kumbe iliingia sokoni mwaka 2019, ikiwa na injini ya cc 853, breki za ABS, skrini ya rangi na tangi la lita 23. Na zile silinda hazikutolewa nje kwa urembo: injini inapozwa na hewa, kwa hiyo lazima zikae panapopita upepo. Hasara ipo. Nguvu farasi 80 ilizozinduliwa nazo si nyingi kwa injini ya ukubwa huo. Lakini safarini hakuna mpira wa maji wa kupasuka.

Wengine huogopa wakiiwasha. Ukipiga resi ikiwa imesimama, pikipiki nzima huinama kidogo upande mmoja, na asiyeijua atakuapia kwamba imekufa kitu ndani. Haijafa kitu. Krankishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, imelala kufuata urefu wa pikipiki, hivyo ikiongeza kasi ghafla mwili unasukumwa kando. Ukishaondoka husikii tena. Mpangilio huohuo ndio unaorahisisha kupeleka nguvu gurudumu la nyuma kwa shafti, bila cheni ya kukaza wala kupaka oili.

Hadithi inayopendwa kuliko zote ni kwamba injini hiyo ya V, yaani ya silinda mbili zilizotanuka kwa umbo la V, iling'olewa kwenye gari la kijeshi la magurudumu matatu lililotengenezwa na kiwanda hichohicho. Inanoga, ila sivyo. Mhandisi Giulio Cesare Carcano aliianza akiwa na wazo la kuipa Fiat 500 nguvu zaidi. Wazo la gari likafa, polisi wa Italia wakahitaji pikipiki mpya, na mwaka 1967 pikipiki ya V7 ya cc 703 ikaanza kutengenezwa.

Halafu kuna wanaoamini Guzzi ni ya mashindano tu, na safari ndefu ni biashara ya juzi. Mataji 14 ya dunia ni kweli, na katikati ya miaka ya 1950 walithubutu kuingiza mbioni pikipiki ya silinda nane. Lakini safari ilitangulia hayo. Miaka ya 1920 gurudumu la nyuma la pikipiki nyingi lilifungwa moja kwa moja kwenye fremu, na kila shimo la barabarani lilimalizikia mgongoni mwa mwendeshaji. Mwanzilishi Carlo Guzzi na kaka yake Giuseppe wakaunda fremu yenye springi nyuma. Wateja wakasita, wakihofu kwamba pikipiki ya namna hiyo ingeyumba. Giuseppe hakubishana nao. Mwaka 1928 alipanda GT 500 yenye fremu hiyo akaenda nayo hadi kaskazini ya mbali ya Norway. Hadi leo sijaona tangazo la pikipiki lililopita hilo.

Tai wa nembo ya Guzzi naye husingiziwa kwamba ni alama ya ufashisti. Kampuni iliandikishwa Genoa mwezi Machi 1921, kabla Mussolini hajashika madaraka. Carlo Guzzi na mwanzilishi mwenzake Giorgio Parodi walikuwa na rafiki wa tatu, rubani Giovanni Ravelli, waliyepanga naye biashara hiyo walipotumikia pamoja kikosi cha ndege wakati wa vita. Ravelli alikufa mwaka 1919 katika ajali ya ndege. Tai ni kumbukumbu yake.

Vipi kuhusu Guzzi iitwayo California, ile pana yenye kioo kikubwa, kwamba imeiga pikipiki za Kimarekani za Harley? Walioagiza umbo lile ni polisi wa Los Angeles, na raia wakauziwa baadaye.

Tangu mwaka 2004 mmiliki ni kampuni ya Kiitalia ya Piaggio, na kuna wanaodhani kiwanda kilihamishwa. Kipo palepale Mandello del Lario, kando ya Ziwa Como, kilipoanzia. Anayeapa kwamba Guzzi haitapoza injini kwa maji kamwe, aitazame V100 Mandello iliyotoka hapohapo: ina rejeta.