Vifuu Kumi Juu ya Jamvi: Kuwarejeshea Wenyewe Matokeo ya Mradi wa Elimu

Mradi wa elimu unapomalizika, ripoti yake huandikwa kwanza kwa ajili ya mfadhili, mara nyingi kwa Kiingereza. Wazee walioruhusu watoto wao wapimwe, walimu waliotufungulia madarasa na sheha aliyetupokea, yule kiongozi wa shehia, eneo dogo la utawala huku Zanzibar, hubaki wakisubiri. Tuna deni kwao, na deni hilo halilipwi kwa kuwapelekea kitabu kile kile cha mfadhili.

Nililifahamu hilo vizuri katika shehia moja ya Wilaya ya Micheweni, Pemba. Tulikuwa tumepima usomaji wa watoto wa darasa la pili, tukaenda kwenye mkutano wa wazee na projekta na grafu za rangi. Mzee mmoja alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, sasa watoto wetu wanajua kusoma au hawajui?"

Mwalimu mwenzangu akatoka, akarudi na vifuu kumi. Akavipanga juu ya jamvi, vingi akavifudikiza, vichache akaviacha vimeangalia juu. Akavionyesha vile vichache: "Katika kila watoto kumi, hawa ndio wanaosoma habari fupi wakaifahamu."

Minong'ono ikaanza pale pale. Mama mmoja akasogea, akagusa kifuu kilichofudikizwa. "Huyu wangu. Baba yake akenda dago hutuchukua sote, skuli haonekani mpaka turudi." Dago ni kambi ya wavuvi mbali na nyumbani. Wengine wakataja msimu wa karafuu. Sisi kwenye ripoti tulikuwa tumeandika "utoro", basi, bila ya kuuliza mtoto anakuwa wapi. Ripoti ikabidi tuibadilishe. Tangu siku ile mkutano wa wazee naupanga wakati ripoti bado ni rasimu, baada ya sala ya alasiri, na kamwe si katikati ya uchumaji wa karafuu.

Mwalimu naye ana haja nyingine. Wastani wa wilaya haumsaidii kitu kesho asubuhi. Anataka kujua watoto wake wanakwama wapi: kwamba "ng'ombe" wanaisoma kwa "ng" ya "ngoma", au kwamba wanataja silabi moja moja hata wakifika mwisho wa neno mwanzo wameshausahau. Mpelekeeni majibu ya watoto, majina yamefichwa, mkae mzisome karatasi pamoja. Katika kikao kimoja cha namna hiyo mwalimu wa kike alitufumbua macho. Watoto wetu wengi wanasoma chuoni, yaani madrasa, alisema, sauti za dh, th na gh wanazo tayari kwa herufi za Kiarabu dhali, thee na ghaini. Kinachowatatiza ni kuona herufi mbili zikitoa sauti moja. Hilo halikuwamo kwenye jedwali letu lolote.

Ofisa wa elimu wa wilaya mpe ukurasa mmoja: nini kimeonekana, katika skuli ngapi, uamuzi gani unatakiwa na utagharimu nini. Matokeo yakipelekwa redioni, namba ikishapita haikamatiki tena. Visiwa hivi vimewahi kufundisha hata watoto wadogo kwa redio, kwa vipindi vya Tucheze Tujifunze vya mradi wa RISE katika miaka ya 2000, kwa hiyo sikio la kusikiliza lipo. Chagua jambo moja tu, lisemwe na mzazi au mwalimu wa pale pale, kisha lirejewe.

Umbo la habari libadilike kwa kila kundi, lakini ukweli uwe mmoja. Kama vitabu vilichelewa kufika, mfadhili na mzazi wote waambiwe. Tahadhari kubwa ni majina. Katika shehia yenye skuli moja, kusema "darasa lililofanya vibaya" ni sawa na kumtaja mwalimu wake mbele ya watu anaokutana nao kila siku sokoni na msikitini. Jambo kama hilo mwalimu aelezwe faragha, kabla ya mkutano.

Mwisho, acheni nakala fupi ya Kiswahili kwa sheha na nyingine kwenye kabati la mwalimu mkuu, yenye tarehe na maelezo ya kilichopimwa. Timu itakayokuja baadaye ianzie tulipoishia, badala ya kuwaketisha watoto wale wale kwa mtihani ule ule.