Miti ya Shinyanga ilirudi kutoka kwenye visiki

Kazi yangu ni misitu na malisho ya nyanda kavu. Kila ninapoletewa andiko la mradi mpya wa tabianchi vijijini, jicho langu hukimbilia jedwali la viashiria, na mara nyingi kiashiria cha kwanza ni idadi ya miche itakayopandwa. Ndiyo maana sichoki kuwasimulia watu habari za HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga.

Mradi huo ulianza mwaka 1986 chini ya serikali ya Tanzania, kwa fedha za Norway kupitia NORAD, shirika la misaada la nchi hiyo, na baadaye watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, wakajiunga nao. Wakati huo Shinyanga ilishaanza kuitwa jangwa la Tanzania. Jangwa hilo lilitengenezwa na watu, tena kwa mipango rasmi. Wakoloni waliamuru vichaka vifyekwe ili kuwaondoa mbung'o. Mashamba ya pamba yakapanuka, ng'ombe wakaongezeka. Kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikahamisha kaya, na familia nyingi zikaacha nyuma maeneo ambayo zilikuwa zikiyatunza kwa vizazi.

Maeneo hayo Wasukuma huyaita ngitili. Mvua zinapoanza, sehemu ya ardhi hufungwa, mifugo haiingii, nyasi na miti vinakua. Kiangazi kikikaza na malisho ya nje yakiisha, ngitili hufunguliwa kidogo kidogo, na ndama, ng'ombe wa kulimia na wale waliodhoofika hupata chakula. Nyingine ni za familia, nyingine za kijiji kizima. HASHI ilipoanza, ngitili zilizokuwa zikijulikana zilifika hekta 600 hivi tu.

Mwanzoni mradi nao uliweka nguvu kwenye vitalu na miti ya kigeni. Mabadiliko yalikuja wataalamu walipokaa na wanakijiji na kuwauliza ni miti gani wanaitaka na ya kazi gani: kuni, dawa, nguzo, matunda, kivuli cha mifugo. Majibu yalikuwa miti ya asili, na mingi ilikuwa bado hai chini ya ardhi. Mti wa nyanda kavu ukikatwa haufi upesi. Mizizi yake hubaki, na kila msimu hutoa machipukizi ambayo mifugo na moto huyamaliza. Funga eneo, zuia moto, pogoa machipukizi dhaifu ubaki na machache yenye nguvu, na mti utasimama mapema kuliko mche, kwa sababu mizizi yake imeshafika kwenye unyevu. Gharama yake kubwa ni ulinzi.

Na ulinzi ulikuwepo tayari. Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, liliweka kanuni na faini kwa anayeingiza mifugo kabla ya wakati. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, wakasimamia utekelezaji. Serikali za vijiji zikaziingiza baadhi ya kanuni hizo katika sheria ndogo. Kwa maoni yangu, fedha za Norway zilifanya kazi yake bora zaidi kwa kununua muda. HASHI ilidumu hadi mwaka 2004, miaka 18, wakati miradi mingi ninayoisoma leo hupewa mitatu au mitano. Katika miaka mitatu afisa ugani anakuwa ndiyo kwanza anaaminiwa.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili, katika vijiji 833. Tathmini ya wizara husika na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, iliyotolewa mwaka 2005, ilikadiria kwamba manufaa ya ngitili yalifikia takriban dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi vijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Thamani hiyo ilitokana na kuni, malisho, nyasi za kuezekea, asali, dawa, matunda na maji. Wanawake waliokuwa wakitembea mbali kutafuta kuni walipunguziwa saa kadhaa za safari.

Malipo ya hewa ya ukaa (kaboni) yalikuja baadaye. Norway ilipofadhili majaribio ya MKUHUMI nchini, mpango wa kupunguza hewa ya ukaa inayotokana na ukataji miti na uharibifu wa misitu, ngitili za Shinyanga zilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochaguliwa. Naunga mkono wanakijiji kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti yao, ila nyanda kavu hukua polepole na kaboni ya hekta moja ni kidogo ikilinganishwa na misitu ya mvua. Atakayemwambia mfugaji afunge ardhi yake kwa ajili ya malipo hayo pekee anamdanganya. Nyasi za mwezi wa Septemba ndizo zinazomlipa kwanza.

Kinachonisumbua hadi leo ni mgawanyo. Mwenye ardhi kubwa ana ngitili kubwa, na kiangazi huweza kuwauzia malisho wasio nayo. Mwanamke huokota kuni katika ngitili ambayo kwa kawaida imo mikononi mwa mume au ukoo, na mume akifariki haki hiyo hutetereka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati za hakimiliki ya kimila kuandikwa kwa majina ya mume na mke. Andiko likija mezani kwangu sasa, naomba bajeti ya kupima ngitili na kuandika hati hizo iwekwe mwaka wa kwanza, kabla ya bajeti ya vitalu.