MSA: ugonjwa unaozifikia hata kazi ambazo mwili hufanya bila kuagizwa

Ukiinuka kitini, kati ya nusu lita na lita nzima ya damu huteremkia miguuni na tumboni. Wewe huhisi chochote, maana neva zimeshaibana mishipa na kuuharakisha moyo kabla ubongo haujakosa damu. Huo ndio mfumo wa neva unaojiendesha. Hausubiri amri yako, na ndio unaosimamia presha, jasho, kibofu, choo na nguvu za kiume.

MSA, yaani kusinyaa kwa mifumo mingi, ni ugonjwa nadra unaoua kidogo kidogo seli za ubongo zinazoongoza kazi hizo, pamoja na zile za mwendo. Protini iitwayo alfa-sinukleini hurundikana ndani ya seli zinazozivika neva ala yake ya mafuta. Mwaka 1960 madaktari wawili wa Marekani, Milton Shy na Glenn Drager, waliueleza, na kwa miaka mingi ukabeba majina yao. Jina la sasa lilikuja 1969, ilipoonekana kwamba magonjwa matatu yaliyodhaniwa kuwa mbalimbali ni ugonjwa mmoja.

Huanza mara nyingi baada ya miaka 50, na huanza kwa mambo ambayo watu huona aibu kuyasema: mkojo usiozuilika au usiotoka wote, na kwa wanaume, nguvu kupotea. Wengi husingizia umri. Kisha kizunguzungu cha kusimama, na maumivu ya shingo na mabega yanayokwisha mtu akilala. Wapo wanaokakamaa kama wenye ugonjwa wa Parkinson, ila levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huo, huwasaidia kidogo au kwa muda mfupi tu. Wengine huyumba kama waliolewa na maneno yao hukokoteka. Usiku mtu anaweza kurusha ngumi ndotoni, au kuvuta pumzi kwa mlio mkali, na mlio huo si wa kupuuzwa.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Mgonjwa alale dakika 5, apimwe presha, asimame, apimwe tena ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, kuna jambo, hasa kama mapigo ya moyo hayakupanda inavyotakiwa. Anayepimwa amekaa tu anaweza kurudishwa nyumbani akiambiwa yuko sawa.

Kinachowatesa madaktari ni kwamba presha hiyohiyo inayoporomoka mtu akisimama huweza kupanda mno akilala. Ndiyo maana midodrini, dawa ya kuipandisha, haitolewi karibu na usiku, na kitanda huinuliwa upande wa kichwani. Nusu lita ya maji ikinywewa haraka huipandisha presha kwa muda, na milo midogo ni bora kuliko mmoja mkubwa, kwa sababu tumbo likishiba huvuta damu.

Tiba ya kuusimamisha haijapatikana. Wengi huishi kati ya miaka 6 na 10 tangu dalili zianze, na mara nyingi akili hubaki timamu hata sauti inapofifia, kwa hiyo anayemuuguza amuulize mgonjwa mwenyewe na ampe muda wa kujibu.