"Dar hakuna mnyama wa kuona": nimechoka kulisikia

Mgeni ana siku mbili Dar kabla ya ndege yake. Namwambia twende Pugu. Mwenyeji wake anadakia: "Pugu si mnadani kwenye ng'ombe? Wanyama wako Serengeti bwana!"

Sikatai, Serengeti ni Serengeti. Lakini simba wa kule ni simba yuleyule wa Kenya, Zambia na Botswana. Wanyama wasiopatikana kwingine duniani wengi wao wako kwenye misitu ya Pwani na milima kama Udzungwa na Usambara. Pepo za Bahari ya Hindi zimeinywesha misitu hiyo mvua kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya bara ilikauka. Msitu ukabaki kisiwa, na viumbe wake wakabaki humo. Njule (mnyama mdogo wa pua ndefu) mwenye uso wa kijivu wa Udzungwa wanasayansi walimpa jina mwaka 2008 tu, juzi hapo!

Sasa njoo msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe. Humo yumo komba wa Rondo: gramu 60 hivi, mkia umefumuka kama brashi ya kuoshea chupa. Makazi yake duniani ni vipande vichache vya msitu wa Pwani ya Tanzania, basi. Giza likiingia, simama kimya umsikilize analia, kisha tafuta macho yanayong'aa. Tochi ifunike kwa karatasi nyekundu. Na spika yako, tafadhali, iache kwenye gari. Wanaokuja na muziki ndio haohao wanaorudi mjini kusema hakuna kitu.

Na maneno mengine ninayoyasikia ni haya. "Komba wote ni walevi." Anayesingiziwa tembo la mnazi ni komba mkubwa wa mashambani. Huyu mdogo chakula chake hasa ni wadudu.

"Njule ni panya." Hapana! Kwa ukoo yuko karibu na tembo, pimbi na muhanga kuliko panya. Wa Pugu ana rangi ya kutu mbele, nyuma mweusi, na hutoka mchana. Nenda asubuhi. Majani makavu yakichakarika, tulia hapohapo, ukimfuata umemkosa.

"Papa potwe yuko Mafia mwaka mzima, nitakuja Juni." Wapo wasioondoka, ila miezi hiyo hukaa mbali na ufukwe. Njoo Novemba mpaka Februari, wanapofuata uduvi karibu na Kilindoni.