Mwenzio kaanza kusafishwa damu, nyumbani ufanyeje?

Swali: Niko Mtwara, mume wangu figo zimegoma, kaambiwa dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki. Mashine si ndo inamaliza kila kitu?

Jibu: Hapana dada. Wengi wanakaa kwenye mashine kama saa 4 kila awamu, ukijumlisha ni saa 12 tu na wiki ina saa 168, zingine zote yuko na wewe na huko ndo maji na potasiamu, madini yaliyomo kwenye vyakula, vinajaa upya mwilini. Potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama ghafla, na sisi wa kusini vyakula vyetu ndo vimejaa hiyo kitu: madafu, korosho, ndizi, muhogo. Wageni wakija kumwona wanabeba dafu eti linasafisha figo, kwa huyu ni hatari, we pokea ushukuru halafu kanywe mwenyewe jikoni. Muhogo katakata vidogo, chemsha maji mengi, mwaga, chemsha tena na maji mapya, potasiamu inapungua ila haiishi kwahiyo umpe kidogo tu. Samaki mkavu wa chumvi amsahau, chumvi inaleta kiu na kiu ndo inaleta ugomvi.

Swali: Ugomvi wa maji tayari tunao, tumenuniana.

Jibu: Kiasi mtaambiwa kliniki, inategemea mkojo anaopata bado. Asubuhi jaza kiasi chote kwenye chupa moja, akinywa chai au uji unamwaga kiasi hichohicho toka kwenye chupa, anaona mwenyewe kilichobaki, wewe sio askari tena. Na anywee kikombe cha kahawa kile kidogo, bilauri weka mbali.

Swali: Mkono wenye fistula, pale walipounganisha mishipa ya damu kwa ajili ya mashine?

Jibu: Asipimwe presha hapo, asitolewe damu, asibebe ndoo, asiulalie. Kila asubuhi gusa na vidole, unatetema kama simu iliyozimwa mlio. Kimya? Hospitali sikuhiyohiyo. Ukivuja damu, bonyeza kwa nguvu na kitambaa safi usiachie mpaka mfike.

Swali: Dalili zipi nisingoje asubuhi?

Jibu: Pumzi kukata akilala, miguu kulegea ghafla, moyo kwenda ovyo, homa na kutetemeka hasa kama ana mpira wa dayalisisi shingoni. Msingoje zamu yake.

Swali: Naona aibu, ila hanigusi siku hizi.

Jibu: Inatokea sana, ni ugonjwa, uchovu, mawazo na baadhi ya dawa za presha, usianze kupekua simu yake. Mwambieni daktari wote wawili, kuna msaada. Ila zile dawa za miti za nguvu za kiume usimletee, zingine zinamalizia hata hako kafigo kalikobaki.