Sauti haikummaliza Buster Keaton

Husemwa mara nyingi kwamba filamu zilipoanza kutoa sauti, Buster Keaton, mchekeshaji maarufu wa Marekani wa filamu za kimya, alikwisha kwa sababu hakuwa na sauti ya kufaa. Si kweli. Keaton, aliyezaliwa mwaka 1895, alikulia kwenye vodevili, yale maonyesho ya jukwaani ya Marekani yaliyochanganya nyimbo, sarakasi na vichekesho. Alipanda jukwaani na wazazi wake tangu akiwa mtoto mdogo. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo kidogo, na ilisikika vizuri. Filamu zake za sauti za mwanzo, tangu mwaka 1930, zilileta pesa nyingi kuliko zile za kimya.

Kilichomwangusha ni mkataba. Mwaka 1928 aliacha kujitegemea akaingia MGM, kampuni kubwa ya filamu ya Hollywood. Kabla ya hapo, yeye na wenzake walikuwa na mwanzo na mwisho wa hadithi tu; katikati walipabuni palepale, na wakikwama walicheza besiboli hadi wazo lije. Ndivyo alivyofanya kazi mtu ambaye katika filamu moja alisimama wima huku ukuta mzima wa nyumba ukimwangukia, akapona kwa kuwa tundu la dirisha lilipita pale aliposimama! MGM walitaka kila kitu kiandikwe na kuidhinishwa kwanza, tena wakamkataza michezo ya hatari. Pombe ikazidi, ndoa ikavunjika, na mwaka 1933 wakamfukuza.

Hata hivyo, mwaka 1952 alicheza na Charlie Chaplin katika Limelight, filamu inayohusu mchekeshaji mzee wa jukwaani.