Je, wajua kwa nini mfanyakazi wa kutwa huitwa kibarua?

Kwa miaka mingi niliwaeleza watu kwamba neno "kibarua" limetokana na barua ya kuomba kazi: mtu anatoka bara, anashuka Mombasa na barua yake mkononi, anapiga hodi ofisini. Nililisema kwa uhakika kabisa. Si kweli, na kosa lenyewe linaficha sehemu kubwa ya historia ya Pwani.

Kibarua hakuwa na haja ya kuandika chochote. Alisimama langoni alfajiri, akachaguliwa au akaachwa. Na ile ki- ni ya udogo, kama katika kitoto: kibarua ni barua ndogo, yaani kikaratasi. Kamusi za zamani zinaeleza kwamba mfanyakazi alipewa cheti kila siku, naye akakirudisha alipolipwa. Jina likahama kutoka kwenye karatasi likamwendea aliyeishika, kisha likaiendea kazi yenyewe. Sarufi bado inayatenga mambo hayo: "kibarua amefika" ni mtu, "kibarua kimeota nyasi" ni kazi iliyopotea.

Mfikirie dobi. Unamwachia nguo, anakupa kijikaratasi. Ukikirudisha unapewa nguo zako, na hapo mmemalizana. Hakudai urudi kesho, wala wewe humdai. Kibarua aliacha nguvu za siku moja, akabaki na karatasi. Karatasi iliporudi ikawa fedha, na jioni hiyo hakuna aliyemfunga mwenzake.

Linganisha na kadi ya kazi ya mashamba ya walowezi na ya mkonge, iliyoitwa kipande. Hiyo ilikuwa na nafasi 30. Siku uliyofanya kazi ilitiwa alama, siku uliyokosa haikuhesabiwa, na kwa kawaida siku hizo 30 zilitakiwa zitimie ndani ya siku 42. Ni kama mtungi unaokinga matone: huchoti mpaka ujae. (Kipande kingine, kile cha usajili kilichovaliwa shingoni ndani ya kijaluba cha bati kuanzia mwaka 1919 hivi, ni habari tofauti, ingawa mara nyingi mtu mmoja alibeba vyote viwili.)

Sasa, nani walishika vile vikaratasi vya mwanzo? Katika karne ya 19 mashamba ya nafaka ya Malindi na Takaungu, na minazi ya Mombasa, yalilimwa na watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa mbali, hadi pande za Ziwa Nyasa. Mjini, baadhi ya mabwana waliwatuma watumwa wao wakajitafutie kazi za kutwa, kisha wakachukua sehemu ya ujira, mara nyingi nusu. Si kila kibarua alikuwa mtumwa, lakini jina lilikulia mikononi mwa watu hao.

Mwaka 1907 sheria iliacha kuutambua utumwa katika Pwani ya Kenya. Wenye mashamba walitarajia walioachwa huru wabaki pale pale wakilima kwa ujira. Wengi hawakutaka. Hapo ndipo nilipokuwa nimekosea zaidi: nilidhani kazi ya kutwa ilikuwa unyonge mtupu. Mshahara ulikuwa mdogo na kubeba magunia katika bandari ya Kilindini kulivunja migongo, lakini kikaratasi cha siku moja kilimruhusu mtu kufanya kazi siku chache, akaenda kupalilia mihogo yake ng'ambo ya kisiwa, akarudi alipotaka. Mmijikenda, mwenyeji wa Pwani, na aliyekuwa mtumwa wote walipata njia ya kulikwepa shamba la bwana, na mabwana wakalalamika kwamba hawapati watu.

Uhuru huo haukushibisha. Januari 1947 wafanyakazi takriban 15,000 wa Mombasa waligoma, makuli, yaani wabeba mizigo wa bandarini, pamoja na watu wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, wakikutana kwenye uwanja wa mpira walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Katika miaka ya 1950 waajiri na serikali wakaanza kuwasajili makuli na kuwapandishia ujira. Sharti likawa kuonekana langoni siku za kutosha kila mwezi. Aliyezidisha kwenda kupalilia mihogo yake alifutwa kwenye daftari.